Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya tiba ya mionzi: hofu imekaa mahali pasipo pake

Kwenu mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali za saratani na wakuu wa mamlaka za kudhibiti mionzi,

Niliugua saratani ya koo, nikatibiwa kwa mionzi, na leo naandika nikiwa hai. Nalitanguliza hilo ili asiwepo wa kudhani kwamba barua hii imetoka kwa mtu anayeipinga mionzi. Karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani huihitaji tiba hii wakati fulani, wengine ili wapone kabisa, wengine ili maumivu yapungue, na mimi ni miongoni mwa walionufaika. Lalamiko langu ni lingine. Mionzi inaogopwa sana, lakini inaogopwa pale isipodhuru, na pale inapoweza kudhuru kweli hakuna anayeulizwa. Mgonjwa anatengwa nyumbani kwa hatari ambayo haipo, huku mashine ya tiba iliyosimama wiki nzima ikichukuliwa kama lifti iliyokwama. Nawaandikia nyinyi kwa sababu ukimya unaoyazaa yote mawili unaanzia ofisini kwenu.

Nianze na nyumbani. Nilipokuwa natibiwa, wifi yangu, mtu mwema aliyenipikia na kunifulia bila kunung'unika, alinitengea kikombe, sahani na kijiko, akawa anaviosha peke yake, mwisho wa vyombo vyote. Wanawe walikatazwa kukaa kitandani kwangu. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alinisindikiza hospitali, akauona mlango mzito wa chumba cha mionzi, akaiona taa nyekundu ikiwaka juu yake na ile alama ya njano ya hatari, kisha akawaona wahudumu wote wakitoka na kuniacha ndani peke yangu. Akapiga hesabu zake: kama wao wenye ujuzi wanakimbia, basi huyu anayebaki anatoka humo amejaa sumu. Kwa mtu ambaye hajaelezwa lolote, hesabu hiyo haina kasoro.

Ilihitaji dakika tano tu za mtu mwenye koti jeupe kumwambia yafuatayo. Mashine inayotoa mionzi ya nje, yaani ile inayopigwa kutoka nje ya mwili, ikizimwa, mionzi imekoma. Haibaki mwilini, haibaki kwenye nguo, mate wala jasho. Mgonjwa anaweza kumbeba mtoto mchanga, kulala na mwenzi wake na kula sahani moja na wenziwe siku hiyohiyo. Wahudumu wanatoka kwa sababu wao wako pale kila siku kwa miaka, wagonjwa wakiingia mmoja baada ya mwingine, na dozi ndogondogo zikilimbikizana zinaleta madhara. Viwango vya kimataifa vinawawekea kikomo cha wastani wa milisiverti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi anayoipata mtu) kwa mwaka, wastani huo ukipigwa katika miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mtu wa kawaida asiyefanya kazi hiyo, kikomo ni milisiverti 1 kwa mwaka juu ya ile mionzi ya asili, ambayo kila binadamu huipata kutoka ardhini, angani na katika chakula, kwa wastani wa takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka duniani kote. Mgonjwa hakuwekewa kikomo cha namna hiyo, maana yeye ndiye anayefaidika. Kinga yake ni kwamba dozi iwe na sababu ya kitabibu, na ifike panapotakiwa kwa kiasi kinachotakiwa. Naomba sentensi hiyo ya mwisho muishike, kwa sababu nitairudia nikifika kwenye mashine zenu.

Wapo wagonjwa ambao tahadhari inawahusu kweli. Aliyemezeshwa ayodini ya mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo, yaani thairodi, anakuwa na mionzi mwilini kwa siku kadhaa. Ayodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, na nyingine hutoka kwa mkojo, mate na jasho. Huyo ndiye wa kulala peke yake kwa muda, kukaa mbali na wajawazito na watoto, kusukuma maji ya choo zaidi ya mara moja, kuacha kunyonyesha kabla ya tiba na kutoshika mimba kwa miezi kadhaa baadaye. Mwanamume aliyepandikizwa chembe za ayodini-125 kwenye tezi dume ataambiwa asiwapakate watoto kwa wiki za mwanzo, maana chembe hizo hukaa humo moja kwa moja na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya takriban siku 60. Lakini mwanamke aliyetibiwa mlango wa kizazi kwa mionzi ya ndani, ile ya kuingizwa kifaa na kutolewa, anarudi nyumbani bila chochote. Kifaa kikitoka, na chanzo kimetoka.

Sasa sikilizeni kinachotokea foleni inapochanganya wote hao. Nilikaa benchi moja na mama mmoja aliyekuwa amepewa ayodini akaruhusiwa kwenda nyumbani bila hata karatasi. Nyumbani alikuwa na wajukuu wadogo, akalala nao. Mimi, ambaye sikuwa na chembe ya mionzi mwilini, nilikuwa na kikombe changu cha peke yangu. Hospitali ni ileile na wiki ni ileile. Ukimya mmoja ulimnyima yeye tahadhari aliyoihitaji, ukanipa mimi kutengwa nisikostahili.

Na pengo hilo halikai wazi, hujazwa. Kuna watu wanauza vinywaji na unga wa mitishamba wa "kutoa mionzi mwilini", na wateja wao wakubwa ni wagonjwa wa mionzi ya nje, ambao hawana cha kutolewa. Mbaya zaidi, wapo wanaokimbia tiba kabla ya kuianza kwa kuwa waliambiwa mionzi ndiyo inayoua. Karatasi moja ya lugha nyepesi, inayosema mgonjwa huyu anatibiwa kwa aina gani ya mionzi na nyumbani afanye nini, isomwe mbele ya yule atakayemuuguza kabla ya siku ya kwanza: hicho ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyowaomba, na sijui kwa nini bado tunakiomba.

Tuje kwenye mashine. Katika saratani nyingi zinazotibiwa kwa nia ya kuponya, uvimbe hupewa jumla ya grei 60 hadi 70 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), kidogo kidogo, mara nyingi grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwili mzima ukipigwa grei 4 kwa mkupuo mmoja, takriban nusu ya watu hufa ndani ya wiki chache wasipotibiwa. Inawezekanaje basi mtu apewe 70 na apone? Inawezekana kwa sababu eneo ni dogo, dozi imegawanywa kwa siku nyingi ili seli zenye afya zipate nafasi zaidi ya kujirekebisha kuliko za saratani, na miale inaelekezwa kwa usahihi wa milimita. Kwenye saratani za kichwa na shingo, usahihi huo unalindwa na barakoa ya plastiki yenye matundu. Huilainisha kwenye maji ya moto, wakakufinyangia usoni ikiwa bado vuguvugu, na baada ya hapo kila siku unafungwa nayo mezani kwa vibano. Huwezi kufungua mdomo, huwezi kugeuza kichwa, mate yanajaa na wewe unapumua puani taratibu ukiomba usikohoe. Ukitoka, alama za vile vitundu zimebaki kwenye paji la uso. Sisi wagonjwa tunautimiza upande wetu wa usahihi. Je, nyinyi wa kwenu?

Mashine yetu ilisimama. Mlangoni ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mashine mbovu, mtapigiwa simu. Waliotoka mbali walilala kwenye korido wakisubiri simu hiyo. Wapo waliofurahi kupata mapumziko, kwa sababu wiki za katikati vidonda vya mdomoni humfanya mtu aogope hata kumeza maji. Hakuna aliyejitokeza kutuambia kwamba mapumziko hayo yana gharama. Seli za saratani ya koo zinazonusurika huanza kuzaliana kwa kasi matibabu yakiwa yanaendelea, na kila siku inayoongezeka kwenye muda wa tiba hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1, pengine zaidi kidogo. Wiki moja ya mashine mbovu inaweza kumtoa mtu katika kundi la wanaopona. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Mgonjwa aliyekatiziwa hivyo akirudiwa na ugonjwa mwaka unaofuata, kwenye faili lake itaandikwa kwamba saratani ilikuwa sugu.

Dawa ya jambo hili inajulikana, na wataalamu wenu wanaijua kuliko mimi. Siku zilizopotea hufidiwa. Mgonjwa anaweza kutibiwa Jumamosi. Anaweza kutibiwa mara mbili kwa siku, mradi zipite saa 6 au zaidi kati ya mara ya kwanza na ya pili. Anaweza kuhamishiwa mashine nyingine, na pale ambapo hakuna njia, mwanafizikia tiba, yule mtaalamu wa kupima na kukokotoa dozi, na daktari bingwa wakapiga upya hesabu yake. Kinachohitajika ni mtu mwenye mamlaka ya kusema asubuhi ileile mashine ilipokufa: hawa ndio wasioweza kusubiri, waanze hawa. Kwetu hakuwepo. Na kuna mkataba wa matengenezo, ambao kwa bahati mbaya haukatiwi utepe wala haupigwi picha. Mashine hununuliwa kwa sherehe, vipuri vinasubiri bajeti ijayo.

Kwenye mashine za kobalti-60, ambazo mionzi yake hutoka kwenye kipande cha madini ya kobalti kiitwacho chanzo, kuna jambo la ziada ambalo halimstahili yeyote kujifanya ameshtukizwa. Nguvu ya kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, sawa na takriban asilimia 1 kila mwezi. Dozi iliyokuwa ikitolewa kwa dakika moja inahitaji dakika mbili baada ya miaka mitano na kidogo. Mgonjwa analala mezani muda mrefu zaidi, anayumba zaidi, na nje foleni inarefuka ingawa idadi ya wagonjwa haijaongezeka. Tarehe ya kubadilisha chanzo ilijulikana tangu siku kilipoingizwa.

Foleni yenyewe mnaweza kuipunguza bila kununua kitu. Mwenye maumivu ya saratani iliyosambaa kwenye mfupa anaweza kupewa grei 8 mara moja tu, na nafuu ya maumivu ikawa sawa na ya yule aliyerudishwa mara kumi, ingawa baadhi watahitaji kurudia baadaye. Saratani ya matiti nyingi zinatibiwa kwa mara 15 badala ya 25. Hospitali inayolipwa kwa kila mara mgonjwa anapolala mezani haina haraka ya kuyakumbuka haya. Hilo ni la mawaziri na wa bima.

Sasa ile sentensi niliyowaomba muishike, kuhusu kiasi kinachotakiwa. Mwaka 1996, San José nchini Costa Rica, chanzo kipya cha kobalti kiliwekwa na kasi ya dozi ikakokotolewa vibaya. Wagonjwa 115 walipewa mionzi kupita kiasi kabla kosa halijaonekana. Panama, mwaka 2000 na 2001, wahudumu walibadilisha namna ya kuingiza vizuizi vya mionzi kwenye programu ya kupangia matibabu, wasihakiki majibu yake, na wagonjwa 28 wakadhurika. Marekani na Kanada, kati ya 1985 na 1987, mashine iliyoitwa Therac-25 iliwapiga watu sita dozi kubwa mno kwa hitilafu za programu, na wapo waliosema pale pale kwamba wameungua wakajibiwa kwamba haiwezekani.

Ninayataja kwa sababu moja. Katika visa hivi dalili zilikuwa kwenye miili ya wagonjwa kabla hazijafika kwenye meza ya mkubwa yeyote. Ngozi iliyobabuka mapema kuliko kawaida, kuhara kusikokoma, maumivu yasiyolingana na wiki ya matibabu. Madhara hayo huwapata pia waliotibiwa sawasawa, ndiyo maana ni rahisi kumwambia mgonjwa "ni kawaida" na kumwita mwingine. Mgonjwa akisema jambo, liandikwe. Wagonjwa watatu wa mashine moja wakisema jambo moja ndani ya mwezi, dozi ipimwe.

Kupima si jambo la matajiri. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, limekuwa likiendesha tangu 1969 huduma ya kukagua dozi kwa njia ya posta. Hospitali inatumiwa vipimio vidogo, inavipiga dozi inayoamini ni sahihi, inavirudisha, na wenzao wa maabara wanasoma walichopata. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali inaarifiwa na sababu inatafutwa. Mimi kama mgonjwa sihitaji kuelewa fizikia yake. Nahitaji kujua kama kituo nilichopelekwa kilishiriki, lini, na kama kilifaulu. Mbona cheti cha ukaguzi wa jengo kinatundikwa ukutani na hiki hakitundikwi?

Nawataja pia wahudumu, maana mara nyingi tunawasahau. Kipimio kidogo wanachovaa kifuani kina maana pale tu kinaposomwa kwa wakati na mwenyewe akaonyeshwa namba zake. Mwanafizikia mmoja anayefanya kazi ya wanne ataruka uhakiki wa pili, na uhakiki wa pili ndio unaonasa makosa ya aina ya Panama.

Baada ya tiba, mnatuacha. Siku ya mwisho nilipongezwa, nikapewa tarehe ya kurudi, nikaondoka na mdomo mkavu ambao haujarudi kuwa wa kawaida hadi leo. Tezi za mate zikipigwa sana hazifufuki zote. Chupa ya maji iko mkononi mwangu kila niendako, na mkate mkavu siumezi bila kuusukuma. Meno huoza kwa kasi mate yakipungua, na kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuufanya mfupa ufe na kidonda kikagoma kufunga, hata miaka mingi baadaye. Ndiyo maana mgonjwa wa kichwa na shingo anatakiwa aonwe na daktari wa meno kabla ya kuanza. Mimi nililijua hilo meno yakiwa yameshaanza kulegea. Tezi ya thairodi nayo hudhoofika polepole kwa wengi waliopigwa shingoni. Mtu anachoka, ananenepa, anasikia baridi, anaambiwa ni umri, kumbe kipimo kimoja cha damu kingetosha.

Wanawake wenzangu waliotibiwa mlango wa kizazi wana yao, na wanayasema kwa sauti ya chini wakiwa peke yao. Uke husinyaa na kubana. Hedhi hukoma kabla ya wakati, uzazi hupotea, na mkojo na choo hubadilika. Kuna vifaa vya kutanulia uke ambavyo mwanamke hufundishwa kuvitumia baada ya tiba ili usizibe. Kifaa chenyewe ni rahisi, ila kinahitaji muuguzi asiyeona aibu kukitaja. Wangapi wameachika, au wamevumilia maumivu kila usiku wakidhani ndiyo adhabu ya kupona, kwa sababu muuguzi huyo hakupangwa? Na msichana ambaye angeulizwa kuhusu uzazi kabla ya tiba, aliulizwa baada.

Kuhusu saratani ya pili, semeni ukweli wote. Waliofuatiliwa baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ndio waliotufundisha sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mionzi na saratani za baadaye: hatari hupanda kadiri dozi inavyopanda, huchukua miaka mingi kujitokeza, na watoto wako hatarini zaidi kuliko watu wazima. Mionzi ya tiba nayo inaweza kuzaa saratani nyingine miaka kumi, ishirini baadaye. Kwa mtu mzima mwenye saratani inayomuua leo, faida ya tiba inaizidi hatari hiyo kwa mbali, na kila daktari aweza kuieleza hivyo bila kuificha. Lakini mtoto aliyetibiwa anahitaji kufuatiliwa maisha yake yote, na msichana aliyepigwa mionzi kifuani anahitaji kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzake. Hayo hayawezekani ikiwa kumbukumbu zake zimefia kwenye kompyuta ya mashine iliyokwisha kuuzwa. Kila mgonjwa aondoke na karatasi yake: sehemu gani ilipigwa, jumla ya grei ngapi, kwa mara ngapi, tarehe gani hadi gani. Niliomba yangu. Nikaulizwa naipeleka wapi.

Limebaki moja, nalo linawahusu zaidi wakuu wa mamlaka za udhibiti. Septemba 1987, huko Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakachukua sehemu ya mashine iliyoachwa humo na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na sesiamu-137, unga wenye mionzi uliong'aa kwa buluu gizani. Watu walipeana, wakajipaka. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, 249 walikutwa na unga huo mwilini au kwenye vitu vyao, na wanne wakafa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Mashine ile ilikuwa imewatibu wagonjwa kwa miaka, na ilianza kuua ilipokosa mwenyewe. Samut Prakan nchini Thailand, mwaka 2000, kobalti ya mashine ya tiba iliishia kwenye yadi ya vyuma chakavu, na watu watatu wakafa.

Wifi yangu alikiogopa kikombe. Ningependa woga wake wote muuchukue nyinyi, muupeleke kwenye stoo za hospitali zilizofungwa na kwenye vyumba vilivyobadilishwa kuwa maghala ya faili. Kila chanzo kilichowahi kuingia nchini kina namba, kina tarehe na kina aliyekisaini. Tangazeni viko wapi vilivyostaafu na nani ana funguo. Tangazeni pia, kwa kila mashine inayofanya kazi, ilisimama siku ngapi mwaka uliopita, wagonjwa wangapi walikatiziwa tiba na wangapi kati yao walifidiwa siku zao. Takwimu hizo zimo kwenye daftari la kila idara ya mionzi, zimeandikwa na fundi wa zamu. Haziwadai tume wala safari ya mafunzo.

Naomba jibu lenu liwe la wazi kama barua hii, na liwe na tarehe.

Aliyetibiwa kwa mionzi